Tanga 1914: Mji Ulioahidiwa Kuachwa Nje ya Vita

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza iitwayo Fox ilitia nanga mbele ya bandari ya Tanga. Nahodha wake, F. W. Caulfeild, alimwita melini mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Dk. Auracher, akamweleza kwamba mapatano ya kuiacha Tanga nje ya vita yamefutwa. Mji usalimishwe, la sivyo utapigwa mizinga. Akampa saa moja. Akamuuliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Auracher akasema yeye hana mamlaka ya kuusalimisha mji bila idhini ya wakubwa wake, akarudi nchi kavu, akapeleka habari kwa kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa upande wa Moshi. Kisha akavua nguo za kiraia, akavaa sare.

Sisi wa Tanga tumekua tukisimuliwa nyuki wa vita vile, na nyuki walikuwepo kweli. Lakini linalostahili kufafanuliwa zaidi ni yale mapatano yaliyofutwa siku ile. Kwa karibu miezi mitatu Ulaya ilikuwa inaungua na Tanga ilikuwa imewekwa kando kwa makubaliano. Nani alikubaliana na nani, kila mmoja alikuwa anatafuta nini, na kwa nini makubaliano hayakushika? Anayeyaelewa ya Tanga haoni shida kuyaelewa yaliyoipata Ubelgiji au Ureno, ambazo zilikuwa nchi huru zenye serikali na bendera zao.

Tuanze na sheria. Mwaka 1907 mataifa yalikutana The Hague na kuandika haki na wajibu wa nchi isiyoegemea upande wowote vitani. Sehemu ya haki inajulikana: ardhi yake haiguswi, na wanaopigana hawana ruhusa ya kupitisha humo askari, silaha wala chakula cha jeshi. Sehemu ya wajibu husahauliwa. Nchi hiyo inatakiwa iyazuie yenyewe mambo hayo yasitokee kwake. Ikimwachia mmoja apite, mwenzake anapata sababu ya kusema imeshachagua upande. Kwa hiyo kukaa nje ya vita kunahitaji nguvu ya kuwazuia wenye vita, na hapo ndipo nchi ndogo na dhaifu hukwama, hata iwe na nia njema kiasi gani.

Ubelgiji ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mkataba wa London wa mwaka 1839 uliifanya kuwa nchi isiyoegemea upande, na mataifa makubwa yakaweka saini kuidhamini, Prussia ikiwa mojawapo. Tarehe 4 Agosti 1914 jeshi la Ujerumani, taifa lililojengwa juu ya Prussia hiyo hiyo, liliingia Ubelgiji kwa sababu njia rahisi ya kuifikia Ufaransa ilipita pale. Ubelgiji haikuwa na ugomvi na mtu. Ilikuwa na njia. Siku hiyo hiyo Uingereza ikatangaza vita dhidi ya Ujerumani, na sababu iliyotaja mbele ya dunia ni kuvunjwa kwa ahadi ya 1839.

Sasa turudi pwani yetu. Wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki nayo ilikuwa na ahadi yake. Mkataba wa Berlin wa tarehe 26 Februari 1885, ule ule tunaofundishwa shuleni kama mkataba wa kugawana bara, ulikuwa na sehemu iliyohusu Bonde la Kongo. Eneo hilo la biashara huria lilitandazwa kwenye ramani hadi Bahari ya Hindi, likachukua Tanga, Bagamoyo na Mombasa. Mkataba ukasema kwamba vita vikizuka baina ya wenye makoloni humo, mataifa mengine yatasaidia kutafuta njia ili eneo hilo liwekwe nje ya vita.

Tatizo ni masharti yake. Kifungu chenyewe kilitaka wanaopigana wote wawili wakubali. Ahadi inayosubiri ridhaa ya adui wakati ameshashika bunduki ni nyepesi sana. Na waliotia saini hawakuwa wakiwafikiria Wadigo, Wabondei, Wasegeju wala Wasambaa. Walichoogopa ni Wazungu kupigana wao kwa wao mbele ya watu waliokuwa wakiwatawala, heshima yao ikashuka. Wenyeji wa pwani hawakuulizwa mwaka 1885. Mwaka 1888, Wajerumani walipokuja kushika miji ya pwani, Abushiri bin Salim na wenzake waliwapinga kwa silaha kuanzia Pangani, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa. Naliweka hili mapema kwa makusudi. Kila ninaposema hapa chini kwamba Tanga ilikuwa nje ya vita, msomaji akumbuke kuwa watu wa Tanga hawakuwa na sauti katika kuamua hivyo, na hawakuwa nayo pia katika kuamua vinginevyo.

Agosti 1914 ilipofika, gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka kifungu hicho kitumike, na alikuwa na sababu zake. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka huo huo. Maonyesho makubwa ya koloni yalikuwa yameandaliwa Dar es Salaam mwezi huo wa Agosti. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika miaka saba tu nyuma, na serikali yake ilikuwa bado na hofu ya wananchi kuinuka tena. Kamanda wake, Lettow-Vorbeck, aliyefika nchini Januari 1914, aliona kinyume kabisa. Kwake koloni lilikuwa chambo: likipiganiwa vizuri, Uingereza italazimika kuleta huku askari, meli na fedha ambavyo vingekwenda Ulaya. Alikuwa na askari weusi wapatao 2,500 na Wajerumani wasiotimia 300. Wawili hawa walizozana mpaka mwisho wa vita, na mwanajeshi ndiye aliyefuatwa.

Ubelgiji nayo, huku nyumbani kwake kumeshavamiwa, ilitaka Kongo ibaki nje ya vita. Ujerumani ikaiomba Marekani, iliyokuwa bado haijaingia vitani, ifikishe pendekezo la kuuacha ukanda wote nje ya vita. Uingereza haikutaka, na sababu yake haikuwa siri. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imetoka Dar es Salaam kabla vita havijatangazwa, ikawa inazurura Bahari ya Hindi, na tarehe 6 Agosti ikakamata meli ya mizigo ya Waingereza, City of Winchester, karibu na Oman. Bandari za pwani yetu na mlingoti wa simu ya upepo wa Dar es Salaam vilikuwa msaada kwa meli kama ile. Tarehe 8 Agosti manowari za Waingereza zikaupiga mizinga mlingoti huo.

Wajerumani wenyewe hawakuiheshimu ahadi waliyokuwa wakiiombea. Tarehe 15 Agosti askari wao walivuka mpaka wakaiteka Taveta, upande wa Waingereza. Tarehe 22 Agosti wakashambulia Lukuga, bandari ya Kongo ya Wabelgiji upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, na Kongo ikaingia vitani moja kwa moja. Upande mmoja ulikataa mkataba kwa maneno na upande wa pili ukaukataa kwa vitendo, yote ndani ya wiki tatu za mwanzo. Ndiyo maana sikubaliani na simulizi zinazomtwisha mmoja wao lawama yote.

Katikati ya hayo ndipo yalipozaliwa mapatano ya Tanga. Yalikuwa madogo kuliko mkataba wa Berlin, yakafanywa na maofisa waliokuwepo hapa hapa: nahodha wa manowari kwa upande mmoja, watawala wa mji kwa upande wa pili. Dar es Salaam walifanya hivyo, kisha Tanga, mwezi huo huo wa Agosti. Wajerumani wasiitumie bandari kwa shughuli za vita, na Waingereza wasiupige mji. Kwa maofisa wale lilikuwa jambo la busara. Meli chache za Waingereza hazikuweza kukaa mbele ya kila bandari, na Schnee hakutaka kuona majengo yakibomolewa. Lakini London haikuyaridhia, na Lettow-Vorbeck hakuwahi kukubali kwamba yanamfunga.

Mbona yalivunjika Tanga kwa kishindo namna ile? Tazama bandari yenyewe. Ina kina, imejikinga nyuma ya Ras Kazone, na hapo ndipo ilipoanzia reli ya Usambara iliyofika Moshi mwaka 1911. Anayeshika Tanga anashika mlango wa Bonde (nchi ya Wabondei), mashamba ya mkonge na njia ya Kilimanjaro. Kwa jeshi lililotaka kuingia kutoka baharini hapakuwa na mahali bora kaskazini mwa koloni. Tanga ilikuwa na ubaya ule ule wa Ubelgiji: ilikuwa njiani.

Basi likaja jeshi kutoka India, watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken, limekaa baharini majuma kadhaa, na wengi wao hawajawahi kufanya mazoezi pamoja. Caulfeild aliona hawezi kushambulia bila kwanza kutoa taarifa kwamba mapatano yamekwisha. Kwa uungwana huo alimpa mpinzani wake kitu cha thamani kuliko mizinga, yaani muda. Baada ya ile saa moja meli haikupiga. Ilikwenda kuzileta meli za askari, kisha ukapotea muda mwingine kusaka mabomu ya baharini ambayo hayakuwepo. Askari walianza kushuka Ras Kazone usiku. Huku bara, treni zilikuwa zinateremka kutoka Moshi, behewa kwa behewa zimejaa askari.

Tarehe 4 Novemba walikutana kwa pambano kubwa, na Wajerumani walikuwa na watu wapatao 1,000 tu. Mapigano yaliingia mashamba ya minazi na mpira, yakafika hadi kwenye nyumba za mji. Risasi zilipoipiga mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, nyuki wakatoka, wakauma kila waliyemkuta, wa upande huu na wa upande ule. Waingereza baadaye walisema Wajerumani waliwatega kwa nyuki, na si kweli. Kombora moja la manowari liliangukia hospitali, mahali walipolazwa majeruhi. Tarehe 5 jeshi la Aitken likarudi melini, likiacha nyuma bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na risasi 600,000. Upande wa Waingereza walikufa watu 360, wengi wao Wahindi. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 16 na askari weusi 55. Silaha zilizoachwa zikawa mtaji wa Lettow-Vorbeck, na ushindi ukamfunga mdomo Schnee. Nadhani hapo ndipo koloni zima lilipoingia vitani kikamilifu. Laiti Tanga ingetwaliwa kimya kimya siku ile ya kwanza, huenda vita vya Afrika Mashariki visingefika miaka minne.

Sasa Ureno, mtawala wa Msumbiji, jirani wa kusini ya mto Ruvuma. Mwaka 1914 ilikuwa haimo vitani, ingawa ilikuwa na urafiki wa kale wa mkataba na Uingereza. Tarehe 24 Agosti 1914 Wajerumani waliishambulia ngome yake ndogo ya Maziua, ukingoni mwa mto. Ureno ikanung'unika, haikutangaza vita. Iliendelea kukaa katikati mwaka mmoja na nusu. Halafu Februari 1916, kwa ombi la Uingereza iliyokuwa na njaa ya meli, ikazikamata meli za Kijerumani zilizojificha katika bandari zake, na tarehe 9 Machi Ujerumani ikaitangazia vita. Tazama namna inavyokwenda: rafiki anaomba meli tu, haombi hata askari mmoja. Ila mkishampa, kwa adui yake mmeshakuwa adui. Mwezi uliofuata Wareno wakaitwaa Kionga, pembe ndogo ya ardhi kwenye mdomo wa Ruvuma, na wakaachiwa baada ya vita. Gharama yake waliilipa watu wa Msumbiji. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma pale Negomano, akaiteka kambi ya Wareno na ghala lake la silaha, na kwa karibu mwaka mzima jeshi lake likaishi kwa chakula cha wanakijiji wa nchi ambayo hapo mwanzo haikuwa na vita naye.

Kuna kisa kimoja cha hapa kwetu kinachoonyesha jinsi hata bendera ya asiye vitani inavyogeuzwa silaha. Aprili 1915 meli iliyojiita Kronborg, ikipeperusha bendera ya Denmark, ilifika pwani ya kaskazini mwa Tanga. Denmark haikuwa vitani. Meli yenyewe ilikuwa Rubens, mali ya Waingereza iliyokamatwa Ujerumani, ikabadilishwa jina na rangi, ikazunguka Afrika nzima na shehena ya silaha pamoja na makaa ya mawe ya Königsberg. Manowari Hyacinth ikaikurupusha hadi ghuba ya Manza, ikaipiga mizinga, ikawaka moto, ikakaa chini kwenye maji mafupi. Waingereza wakaondoka wakijua imekwisha. Haikuwa imekwisha. Watu walitolewa kuopoa shehena. Risasi zilizoloa maji ya chumvi zikafunguliwa moja baada ya nyingine, baruti ikatolewa na kukaushwa, zikafungwa upya, kisha zikabebwa vichwani kwenda bara. Aliyekaa akikausha baruti ya vita visivyo vyake kwenye jua la Manza hana jina katika ripoti yoyote niliyoisoma.

Mabadiliko yenyewe yalifika hata pale risasi isipofika. Meli za biashara zilikoma, mkonge ukakosa mnunuzi. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa 1902 kwa ajili ya mimea, kikageuzwa kiwanda cha jeshi: dawa ya malaria kutoka magome ya mkwinini, sabuni, na vitu vingine vilivyokuwa vikiletwa na meli. Msalabani, Magila, wamisionari Waingereza walikamatwa, na walimu Waafrika wakatiwa ndani kwa kushukiwa ujasusi, kosa lao likiwa ni kusomeshwa na taifa ambalo sasa lilikuwa adui. Mpaka wa Jasini, uliokuwa mstari tu kwa ndugu wa Kidigo na Kisegeju wanaooana pande zote mbili, ukawa uwanja wa vita tarehe 18 na 19 Januari 1915. Wajerumani walishinda hapo pia, lakini walipoteza maofisa na risasi nyingi mno, na tangu siku hiyo Lettow-Vorbeck akaacha vita vya ana kwa ana na kuanza vita vya kukimbia na kuvizia. Hivi ndivyo vilivyokula nchi. Jeshi linalotembea huchukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Upande wa Waingereza pekee ulitumia wapagazi wapatao milioni moja, na hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 100,000, kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Ugogo walipata njaa ya Mtunya kuanzia 1917 hadi 1920.

Tanga yenyewe ilitwaliwa tarehe 7 Julai 1916, safari hii bila vita vikubwa. Na kuna badiliko moja ambalo halitajwi sana, nami naliona ndilo lililokaa muda mrefu kuliko mengi. Ili kulisogeza jeshi lao kuelekea Kilimanjaro, Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Taveta, ikaungana na ya Tanga pale Kahe. Vita vikaisha, reli haikung'olewa. Mzigo wa Moshi, uliokuwa hauna mlango mwingine ila Tanga, ukawa na njia ya Mombasa, na Mombasa ilikuwa na gati kubwa na meli nyingi zaidi. Ni reli ya miaka miwili ya vita, lakini bandari yetu ilishindana nayo miaka mingi.

Mkataba wa Berlin ulifanyiwa marekebisho Saint-Germain mwaka 1919, na kile kifungu cha kuliacha eneo nje ya vita hakikurudishwa. Badala yake Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, kwa masharti yaliyokataza kujenga vituo vya kijeshi na kuunda jeshi la wenyeji, isipokuwa kwa polisi na ulinzi wa nchi yenyewe. Lilikuwa jambo jema kuandikwa. Mwaka 1939 Uingereza ilipoingia vitani tena, makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika walivishwa sare, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Mwaka 1942 Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi (Indonesia ya leo), kulikokuwa kukitoka nyuzi za kamba, mkonge wa Tanga ukawa bidhaa ya vita, na serikali ikaanza kuwachukua watu kwa lazima kwenda kuukata.